Profesa Aliyeijenga Osaka na Wale Ambao Hawakuulizwa

Wiki mbili zilizopita, katika semina yangu ya siasa za serikali za mitaa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akatoa hoja iliyopigiwa makofi na darasa zima. Alisema kwamba jiji halihitaji mwanasiasa. Jiji linahitaji mtaalamu. Ili kuithibitisha hoja yake alitumia mfano ambao, nakiri, mimi mwenyewe ndiye niliyempa: Seki Hajime, profesa aliyeacha kufundisha Tokyo, akahamia Osaka, akawa meya wa jiji hilo tangu mwaka 1923 hadi alipofariki mwaka 1935, akaacha nyuma yake barabara kuu, reli ya chini ya ardhi na chuo kikuu cha jiji. "Huyu hakupigiwa kura na mwananchi hata mmoja," alisema mwanafunzi wangu, "na tazameni aliyoyafanya."

Muda ulikuwa umekwisha, nikaahidi kwamba tungelirudia jambo hilo. Tangu siku hiyo limekuwa likinisumbua, kwa sababu ni hoja inayotubembeleza sisi walimu wa vyuo vikuu. Sidhani kama yupo mwenye shahada ya uzamivu ambaye hajawahi, akiwa amekwama katika foleni ya magari au akiruka dimbwi la maji machafu, kuwaza kwamba laiti angekabidhiwa yeye jiji hili kwa miaka mitano tu, bila kelele za madiwani, mambo yangenyooka. Hoja inayombembeleza mtu yampasa aichunguze kwa ukali kuliko hoja ya hasimu wake. Basi naomba, ndugu msomaji, twende Japani ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, tuone jiji lilitawaliwaje, na profesa huyo alisimama juu ya nini.

Serikali ya Meiji ilitangaza Sheria ya Miji mwaka 1888, nayo ikaanza kutumika Aprili 1889. Aliyechangia sana kuiandika alikuwa Mjerumani, Albert Mosse, mwanasheria aliyeletwa kuwa mshauri wa serikali. Na aliyeisimamia alikuwa Yamagata Aritomo, mwanajeshi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tukumbuke kwamba bunge la taifa lilitarajiwa kufunguliwa mwaka 1890. Yamagata aliwaogopa wanasiasa wa vyama kama mkulima anavyoogopa nzige. Alitaka, kabla ya mlango wa bunge kufunguliwa, uwepo uwanja wa chini ulio mikononi mwa watu wenye mali na utulivu, ambao wangeshughulikia mitaro na shule, na kuuacha ugomvi wa vyama uishie huko juu. Wazo kwamba mambo ya mji ni "utawala" na wala si "siasa" halikuzaliwa semina yangu. Lina umri wa zaidi ya karne moja, na tangu mwanzo lilikuwa na mwenye nalo.

Hebu tumtazame mpiga kura wa mjini chini ya sheria hiyo. Alipaswa kuwa mwanamume mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, awe ameishi mjini hapo kwa miaka miwili, na awe analipa kodi ya ardhi, au angalau yen 2 kwa mwaka za kodi ya moja kwa moja ya serikali kuu. Hata wale waliopenya katika tundu hilo hawakuwa sawa. Kwa kuiga utaratibu wa Prussia, walipangwa katika madaraja matatu kwa kadiri ya kodi waliyoilipa. Vigogo wachache ambao kodi yao kwa pamoja ilifikia theluthi ya kodi yote walichagua theluthi ya madiwani. Kundi lililofuata lilichagua theluthi ya pili. Umati wa wenye maduka madogo uliachiwa theluthi iliyobaki. Wafanyakazi wa viwandani, wapagazi wa bandarini, na wanawake wa kila daraja hawakuwamo kabisa.

Meya alipatikana kwa njia ya kuzunguka. Baraza la madiwani lilipendekeza watu watatu, na mmoja wao aliteuliwa kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa idhini ya Mfalme. Muda wake ulikuwa miaka sita. Tena hakuwa mtendaji peke yake, kwa maana kazi za utendaji zilikuwa mikononi mwa halmashauri ambayo yeye alikuwa mwenyekiti wake tu. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1911 ndipo meya alipopewa madaraka ya utendaji yeye mwenyewe, na muda wake ukapunguzwa hadi miaka minne.

Kwa Tokyo, Osaka na Kyoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Miji hiyo mitatu ilionekana kuwa mikubwa mno, na ya hatari mno, kuachiwa meya. Kuanzia 1889 gavana wa mkoa, ambaye ni mteule wa serikali kuu, ndiye aliyefanya kazi ya meya. Wenyeji wa miji hiyo walilalamika kwa takriban miaka kumi kwamba wao, walio wengi na matajiri kuliko wote, ndio waliokuwa na haki ndogo kuliko mji wowote wa mikoani. Utaratibu huo ulifutwa Oktoba 1898. Meya wa kwanza wa Osaka, Tamura Tahei, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya kimono. Msomaji wa Tanzania hatapata taabu kuuelewa mpangilio wa namna hii: meya wetu naye huchaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais. Lakini nisikimbilie kulinganisha. Kisa cha Wajapani kina mengi ya kutosha.

Uwanja huo "usio wa siasa" ulipata mwanasiasa wake mapema sana. Hoshi Toru alikuwa mwanasheria aliyesomea Uingereza, mtu wa asili ya kimaskini, na fundi wa siasa za vyama ambaye kwa wakati wake hakuwa na mfano. Wajapani walilichezea jina lake wakaligeuza kuwa neno lenye maana ya mtu anayesukuma hadi apite. Aligundua kile ambacho Yamagata hakutaka kigundulike: kwamba jiji lina zabuni, vibali vya njia za tramu, mikataba ya mabomba ya maji, na kwamba anayelishika baraza la madiwani anashika ufunguo wa ghala. Mwaka 1900 alikuwa waziri katika baraza la mawaziri la Ito Hirobumi, akalazimika kujiuzulu mwezi Desemba kwa sababu ya kashfa za rushwa za jiji la Tokyo. Hakuondoka katika siasa za jiji. Tarehe 21 Juni 1901, akiwa ndani ya jengo la halmashauri ya jiji, aliuawa kwa kuchomwa kisu na Iba Sotaro, bingwa wa upanga ambaye pia alijihusisha na mambo ya elimu, aliyeamini kwamba anausafisha mji.

Inasemekana Hoshi alipokufa alikutwa ameacha madeni kuliko mali. Sisemi hivyo ili kumtakasa. Zipo namna nyingi za kuuza jiji, na si zote zinazomtajirisha muuzaji. Nasema kwa sababu mauaji yale yalishangiliwa na watu wengi wenye heshima zao, na hapo ndipo wazo la "kuusafisha mji na siasa" linapoonyesha meno. Anayesadiki kwamba siasa ni uchafu hatashindwa kumpata mtu wa kubeba kisu.

Tokyo ilijaribu pia kumtumia mwanasiasa mwenye jina safi. Ozaki Yukio, mbunge mashuhuri na msemaji hodari, alikuwa meya tangu 1903 hadi 1912, huku akiendelea na ubunge wake. Ulimwengu unamkumbuka kwa miche ya micheri aliyoipeleka Washington: shehena ya kwanza, ya mwaka 1910, ilichomwa moto kwa sababu ya wadudu, na ya pili ikapandwa mwaka 1912. Mimi namkumbuka zaidi kwa mwaka 1906. Mwezi Machi mwaka huo kampuni za tramu, zilizokuwa za watu binafsi, ziliomba kupandisha nauli kutoka sen 3 hadi sen 5. Watu walikusanyika katika bustani ya Hibiya, mkutano ukageuka ghasia, tramu zikapigwa mawe. Mwezi Septemba, nauli ilipopanda hadi sen 4, mawe yakarudi tena. Wengi wa wale waliorusha mawe hawakuwa na diwani wa kumwandikia barua, kwa sababu hawakuwa wapiga kura. Jiwe ndilo lililokuwa karatasi yao ya kura. Miaka mitano baadaye, mwaka 1911, jiji lilizinunua tramu zote.

Halafu akaja mtaalamu. Desemba 1920, baada ya meya aliyekuwapo kung'oka katikati ya kashfa za rushwa, baraza la Tokyo lilimwendea Goto Shinpei. Huyu alikuwa daktari wa tiba, aliyewahi kuongoza utawala wa kiraia wa Taiwan chini ya ukoloni wa Kijapani, akawa mkuu wa kwanza wa Reli ya Manchuria Kusini, kisha waziri zaidi ya mara moja. Nadhani ndiye meya msomi mwenye sifa nyingi kuliko wote waliopata kushika jiji lolote la Asia wakati ule. Mwaka 1921 alitoa mpango wa barabara, majitaka, bustani, bandari na masoko uliogharimu yen milioni 800, kiasi kilichokaribia nusu ya bajeti ya mwaka ya serikali nzima ya Japani. Watu walimpachika jina la "kitambaa kikubwa cha kufungia mizigo", yaani mtu wa maneno makubwa. Aliungwa mkono na tajiri wa benki Yasuda Zenjiro, aliyeahidi fedha za kuanzisha taasisi ya utafiti wa mambo ya jiji, na Waziri Mkuu Hara Takashi alimsikiliza. Yasuda aliuawa Septemba 1921. Hara aliuawa Novemba mwaka huohuo katika kituo cha reli cha Tokyo.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1922, nayo ikamwalika mwanahistoria wa Marekani Charles Beard, aliyekaa Tokyo miezi kadhaa na kuandika kitabu juu ya utawala na siasa za jiji hilo. Beard aliliona jambo lililo wazi kwa mgeni lakini zito kwa mwenyeji kulisema: jiji lilikuwa limefungwa kamba nyingi, na ncha za kamba hizo zilikuwa mikononi mwa wizara. Mkopo ulihitaji idhini, ada mpya zilihitaji idhini, mipango ya barabara ilipitishwa na serikali kuu. Goto mwenyewe aliondoka Aprili 1923, baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, akiwa amejitumbukiza katika mazungumzo yake na mjumbe wa Urusi ya Kisovieti aliyemwalika Tokyo. Miezi mitano baadaye, Septemba 1, tetemeko la ardhi na moto viliiteketeza Tokyo na kuua watu zaidi ya laki moja. Goto alirudi kama Waziri wa Mambo ya Ndani, akiwa na ramani mpya mkononi, na wamiliki wakubwa wa ardhi pamoja na wabunge wakaikata bajeti ya ujenzi mpya kipande baada ya kipande.

Sasa tuje Osaka. Seki Hajime alizaliwa mwaka 1873. Alisoma katika Shule ya Juu ya Biashara ya Tokyo, akapelekwa Ubelgiji na Ujerumani, akarudi kufundisha mambo ya usafirishaji na sera za uchumi. Mwaka 1914, akiwa na miaka arobaini na kidogo, umri ambao mimi ninao leo, aliacha kiti chake cha uprofesa akaenda Osaka kuwa naibu wa meya Ikegami Shiro, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa polisi wa mji huo. Hapa ndipo mwanafunzi wangu, na labda mimi niliyemfundisha, tulipokosea katika kusimulia. Tulisema profesa "alikuwa meya". Tuliiruka miaka tisa.

Kwa miaka tisa mtu huyu alikaa chini ya meya asiyekuwa msomi wa vitabu, akahudhuria vikao vya madiwani, akajifunza nani anamiliki kiwanja gani, nani ana ubishi na nani, kamati ipi hulainika ikielezwa mapema na ipi hukasirika ikielezwa mapema. Aliona masoko ya umma yakifunguliwa na jiji Aprili 1918 ili kupunguza makali ya bei za chakula, na akaona, miezi minne baadaye, ghasia za mchele zikilipuka Osaka hata hivyo. Ikegami alipoondoka mwaka 1923, baraza lilimchagua mtu liliyemjua hadi mikunjo ya shati lake. Ikiwa hiyo si siasa, sijui siasa ni nini. Goto alikuja Tokyo kama mgeni mashuhuri aliyeombwa kusafisha nyumba. Seki alikuwa amefagia uani kwanza.

Jambo la pili ni mfuko. Osaka ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Japani kuendesha tramu za jiji lenyewe, mwaka 1903, wakati miji mingine iliwaachia watu binafsi njia zake. Mwaka 1923 jiji lilichukua pia biashara ya umeme iliyokuwa ya kampuni. Mapato ya huduma hizi yaliipa Osaka kitu ambacho kodi isingeweza kuipa, kwa kuwa kodi zenye mafuta zilikuwa za serikali kuu. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini mipango ya meya mmoja hubaki karatasini na ya mwingine hugeuka lami, asianze na wasifu wa meya. Aanze na daftari la mapato.

Aprili 1925 Osaka ilipanua mipaka yake kwa kumeza wilaya mbili zilizoizunguka, ikawa na watu zaidi ya milioni mbili, kuishinda hata Tokyo iliyokuwa bado inafukua majivu. Mwaka uliofuata kazi ya barabara ya Midosuji ilianza. Palikuwa na njia nyembamba ya mita sita hivi. Seki alitaka upana wa karibu mita 44, kwa urefu wa takriban kilomita nne, katikati kabisa ya mji wa wafanyabiashara. Masimulizi ya Osaka yanasema watu waliuliza kama meya anajenga uwanja wa ndege. Chini ya barabara hiyo alichimba reli, ya kwanza nchini Japani kuendeshwa na mamlaka ya umma, iliyofunguliwa Mei 1933 kati ya Umeda na Shinsaibashi. Treni ilianza na behewa moja, lakini majukwaa ya vituo yalijengwa marefu kwa ajili ya treni za miaka mingi ijayo. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wasio na ajira walipewa kazi ya kuchimba.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu ilikuwa mikopo, na sehemu ni jambo ambalo napenda kulisisitiza kwa wanafunzi: mchango wa wanufaika. Mwenye kiwanja kando ya barabara, ambaye thamani ya ardhi yake ingepanda bila yeye kutoa jasho, alitozwa sehemu ya gharama. Wenye viwanja walipiga kelele sana, kama wenye viwanja wanavyofanya popote duniani. Seki alibishana nao, akawasubiri, akarudi tena. Hilo halikufanyika kwa utaalamu wa uchumi peke yake. Lilihitaji baraza ambalo lingesimama naye siku ya kelele, na kwa miaka zaidi ya kumi na moja lilisimama. Katika kipindi hichohicho Tokyo ilikuwa na mameya saba, mmoja wao mara mbili, mwingine kwa miezi michache tu. Na mwishoni mwa mwaka 1928 Waziri wa Mambo ya Ndani alilivunja baraza la Tokyo kwa sababu ya rushwa. Mojawapo ya kashfa hizo ilihusu fidia kwa wachuuzi wa samaki wa Nihonbashi, waliohamishiwa Tsukiji baada ya tetemeko na kudai walipwe kwa haki ya kutandaza mbao zao za kuuzia samaki. Ubao wa samaki uliangusha baraza la jiji la mji mkuu wa dola. Kila nikifundisha kisa hiki wanafunzi hucheka, kisha hunyamaza.

Nampenda Seki, na sioni aibu kusema hivyo. Aliamini kwamba jiji zuri ni lile linalokalika, na kwamba fahari za majengo hazimsaidii mtu anayelala katika chumba kisicho na dirisha. Alipoanzisha Chuo Kikuu cha Biashara cha Osaka mwaka 1928, cha kwanza Japani kuwa mali ya jiji, alisisitiza kisiwe nakala ya vyuo vya serikali bali kiishi na matatizo ya mji wake. Kimbunga cha Muroto kilipoipiga Osaka Septemba 1934, kikaangusha shule za mbao juu ya watoto, aliongoza kazi ya kuurudisha mji katika hali yake; miezi minne baadaye, Januari 1935, alikufa kwa homa ya matumbo akiwa bado kazini. Midosuji ilikamilika mwaka 1937, na yeye hakuiona.

Lakini ni lipi kati ya matumaini yake lililofanikiwa, na lipi lililoshindwa? Barabara ilifanikiwa. Reli ilifanikiwa. Nyumba nafuu kwa wafanyakazi, vitongoji vyenye hewa na bustani, jambo aliloliandikia zaidi kuliko yote akiwa msomi, ndilo lililokwenda kwa kusuasua. Kando ya mji wenye ardhi walipanga viwanja kwa namna iliyowaletea faida, na wapangaji wakabanana vilevile. Sidhani ni bahati mbaya. Barabara ilikuwa na watetezi barazani, kwa sababu wenye maduka na mabenki walikuwa na kura, na kwa muda mrefu kura zao zilikuwa na uzito mkubwa kuliko za wengine. Madaraja matatu yalipunguzwa hadi mawili mwaka 1921, na kufutwa kabisa mwaka 1926, pale wanaume wote wenye umri uliotakiwa walipopewa kura za mitaa, na mabaraza yakapewa haki ya kumchagua meya bila kupitia kwa waziri. Wafanyakazi wakaanza kuwa na madiwani wao. Walikuwa wamechelewa, nao walikuwa wachache.

Wanawake hawakuwamo hata hapo. Wao ndio waliojua bei ya mchele, harufu ya mtaro, na bili ya gesi. Mwaka 1929 vyama vyao mjini Tokyo, vikiwamo vile vya akina Ichikawa Fusae vilivyodai haki ya kura, viliingia katika kampeni ya kutaka bei ya gesi ipunguzwe, na katika kampeni ya kuwataka wanaume wasiwachague tena madiwani walioingia katika kashfa. Fikiria jambo hilo: watu wasio na kura wakienda mlango kwa mlango kuwaomba wenye kura waitumie vizuri. Miswada ya kuwapa wanawake kura za mitaa ilipita katika bunge la chini mwaka 1930 na tena mwaka 1931, huu wa pili ukiwa umepunguzwa makali. Wala hakuna uliovuka Baraza la Makabaila.

Hapo ndipo jibu langu kwa mwanafunzi linapoanza. Alisema Seki hakupigiwa kura na mwananchi, kana kwamba hiyo ndiyo siri ya mafanikio yake. Mimi naona ndiyo inayoeleza mahali alipokwama. Mtaalamu aliyechaguliwa na wenye mali aliweza kuwabana wenye mali kwa kiasi ambacho wao wenyewe walikubali kubanwa, na hakuweza zaidi. Kwa zaidi ya hapo angehitaji kundi jingine nyuma yake, na sheria ilikuwa imeliacha kundi hilo nje ya mlango.

Lipo na la pili, ambalo ni zito zaidi. Jiji linalotegemea ridhaa ya aliye juu hubaki na haki zake mradi aliye juu yu radhi. Vita vilipopamba moto, mwaka 1943, sheria ilibadilishwa tena, na uteuzi wa mameya ukarudi mikononi mwa waziri. Julai 1 ya mwaka huohuo Jiji la Tokyo lilifutwa. Lilichanganywa na mkoa wake likawa eneo moja chini ya mkuu aliyeteuliwa na serikali kuu, yaani lilirudishwa karibu kabisa na pale lilipokuwa kabla ya 1898. Taasisi ya Goto, vitabu vya Beard, kashfa na usafishaji wa kashfa, vyote havikuzuia kalamu moja. Walioweza kupinga ni wenyeji wa jiji. Lakini kwa miaka hamsini walikuwa wamefundishwa kwamba jiji ni jambo la utawala, liachiwe wanaolijua.

Aprili 1947 wenyeji wa miji ya Japani walipiga kura moja kwa moja kuwachagua mameya wao kwa mara ya kwanza, na wanawake wakapanga foleni pamoja na wanaume. Osaka ilimchagua meya. Tokyo ilimchagua gavana, kwa kuwa lile jiji lililofutwa mwaka 1943 halikurudishwa, na hadi leo Tokyo haina meya.

Jumanne nitamrudishia mwanafunzi wangu hoja yake. Nimemwombea sura chache juu ya kampeni ya gesi ya 1929, azisome kabla hatujaanza. Najua atauliza kama Seki angeshinda uchaguzi wa mwaka 1947, mtu yule mkimya wa vitabu, akisimama kwenye sanduku mbele ya kituo cha Umeda na kueleza mchango wa wanufaika kwa akina mama wenye vikapu. Nadhani angeshinda kwa kura chache, na angelazimika kuzungumzia nyumba kabla ya barabara.